Si panya huyo, ni kirukanjia: usimwekee sumu

Masika ikikolea hapa Tanga, simu tunazopigiwa hufanana: "Njooni, nyumba imeingia panya wa mdomo mrefu, wananuka!" Tunakwenda na taa na mitego, na mara nyingi hatukuti panya. Tunakuta kirukanjia.

Panya ana meno ya mbele yasiyokoma kukua, ndiyo maana anaguguna nyaya na magunia. Kirukanjia meno yake ni ya kukamatia wadudu. Nyaya zako hana haja nazo. Anasaka mende, chenene na nyungunyungu, usiku na mchana, maana mwili wake unamaliza chakula upesi mno na njaa ya muda mfupi tu yaweza kumuua. Ile harufu ni ya tezi zake. Hata paka akimuua, mara nyingi humwacha hapohapo bila kumla.

Juzi tulikuwa Makorora, uani kwa mama mmoja, tunahamisha rundo la makumbi ya nazi. Chini yake akatoka kirukanjia jike, na nyuma yake watoto wanne kwa mstari. Wa kwanza kauma manyoya ya mama karibu na mkia, wa pili kamuuma wa kwanza, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Mama mwenye nyumba alidhani ni nyoka, akainua ufagio. Tulimzuia. Kwa aina nyingi za virukanjia, hivyo ndivyo mama anavyohamisha wanawe kiota kikiguswa.

Mimba yake ni ya mwezi mmoja hivi. Watoto huzaliwa uchi, macho yamefumba, na hunyonya kama wiki tatu kabla ya kujitegemea. Wadudu wakiwa tele baada ya mvua, jike hushika mimba nyingine upesi. Lakini maisha yenyewe ni mafupi: porini wengi hawamalizi miaka miwili.

Kwa hiyo sumu hatuweki. Ukimuua mama leo, watoto watafia ndani ya ukuta na harufu utaishi nayo wewe, huku mende wakibaki. Tunachofanya ni kukagua, kuondoa marundo yaliyoegemea ukuta, kungoja wiki hizo tatu kama kuna kiota, kisha kuziba matundu kwa saruji na wavu wa chuma. Kama kweli ni panya, tunatega mitego.

Ukikuta msafara huo jikoni usiku, fungua mlango wa uani, zima taa, wape nafasi wapite.