YAH: Kufunguliwa kwa sampuli zetu kwenye mwanga wa mapokezi

Kwa Meneja wa Maabara,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Utaratibu wa kupokea sampuli za luminesensi, yaani za kupima ni lini mchanga uliona mwanga mara ya mwisho, mmeuandika wenyewe, kwa hiyo sitawafundisha.

Mabomba manne ya chuma kutoka kwenye udongo wa ziwa lililokauka, New Mexico, yalifika yamezibwa kwa karatasi ya alumini na utepe mweusi, na kibandiko chekundu: FUNGUA CHUMBA CHA GIZA TU. Mpokeaji wenu akachukua kisu, akachana utepe, akamimina mchanga kwenye sinia jeupe chini ya taa za ofisi, eti anahakiki uzito. Mwakilishi wetu alipomzuia, akajibiwa: "Mchanga ni mchanga tu, mama."

Barua yenu inasema "athari ni ndogo". Ndogo kwa nani? Chembe ya kwatzi, madini ya mchanga, iliyofukiwa hulimbikiza nishati ya mionzi ya udongo unaoizunguka, na mwanga huifuta upesi. Ndiyo sababu hutupwa sentimita mbili tatu za kila ncha ya bomba, na kazi hufanyika kwenye taa nyekundu hafifu. Mkishamimina zote, hakuna katikati iliyobaki salama. Tena mchanga ulikauka palepale: maji yaliyo kati ya chembe hupunguza mionzi inayozifikia, na bila kipimo cha unyevu hata dozi ya mionzi ya kila mwaka, inayotumika kukokotoa umri, ni ya kubahatisha.

Na mnajua kosa hili linaelemea wapi. Umri hushuka. Tabaka la miaka 22,000 linaweza kusomeka 13,000, umri hasa wa Clovis, utamaduni uliodhaniwa kwa muda mrefu kuwa wa watu wa kwanza Amerika, na wanaokataa kuwa watu walifika Amerika kabla ya hapo watafurahi. Nyayo za watu za White Sands, New Mexico, zilipotangazwa mwaka 2021 kuwa za miaka 21,000 hadi 23,000 iliyopita, zilipingwa kwa kuwa mbegu za Ruppia zilizopimwa kwa kaboni ni za mmea wa majini, unaoweza kufyonza kaboni ya kale iliyoyeyuka na kuonekana mkongwe kuliko ulivyo. Mwaka 2023 zikatetewa na chavua ya misonobari, mti wa nchi kavu, pamoja na kwatzi iliyopimwa kwa njia hii hii. Monte Verde, makazi ya kale huko Chile yaliyotangulia Clovis, ilianza kuchimbwa 1977 na wengi hawakuikubali hadi 1997. Kwenye ubishi wa namna hiyo, nyinyi mmemnyamazisha shahidi wetu.

Narudia, maana jibu lenu limeliruka: kibandiko alikisoma kwa sauti. Akacheka, akachana. Bomba la kwanza tungeliita bahati mbaya. La pili lilifunguliwa mwakilishi wetu akiwa amelishika upande mmoja. La tatu na la nne yakafuata, sinia lile lile, mchanga ukachanganyika. Kisha, bila aibu, ripoti ya umri ikatoka na nembo yenu ya ithibati, bila neno moja kuhusu mwanga!

Kwenye simu tuliomba nusu ya ada. Hilo limepita. Tunataka ada yote, ripoti ifutwe kwa maandishi, na gharama za kufungua tena shimo, kukata uso mpya na kugonga mabomba mengine chini ya turubai jeusi. Siku 14. Zikipita, lalamiko litakwenda kwa waliowapa ithibati, kisha kwa wakili, na kila timu inayowatumia sampuli italetewa picha ya sinia. Tunayo.

Mratibu wa Uchimbaji