Wanasema nafukua makaburi, lakini miaka ya hasara siifuti

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Ni saa tisa usiku na sijapata hata lepe la usingizi. Unawajua watu wa namna ya shemeji yangu, kwa hiyo sitakuchosha kwa utangulizi. Jumamosi tunapiga kura kama mfuko wa familia uweke fedha zake zote kwenye hisa za ile kampuni ya kuchimba mafuta iliyo katika soko la New York. Yeye anasema hisa hiyo ni kama ya kuokota: bei dola 84, faida ya mwaka 2024 dola 9.60 kwa kila hisa, ukigawanya unapata 8.75, yaani kila dola ya faida ya mwaka unailipia dola 8.75; namba ikiwa ndogo, hisa ni rahisi. Mimi nikasema mwaka mmoja wa kampuni ya mafuta haupimi kitu. Akanijibu mbele ya wote, mjomba akiwa amekaa palepale: "Wewe unafukua makaburi." Wakacheka. Neno hilo ndilo lililonikesha.

Sifukui makaburi. Nachukua faida ya kila mwaka kwa miaka kumi, kila moja naipandisha kwa mfumuko wa bei hadi ifikie thamani ya dola ya 2024, natafuta wastani, halafu naigawa bei ya leo kwa wastani huo. Sikuibuni njia hii. Wachambuzi wa hisa Benjamin Graham na David Dodd waliandika mwaka 1934 kwamba faida ipimwe kwa wastani wa miaka isiyopungua mitano, na ikiwezekana saba au kumi. Wachumi John Campbell na Robert Shiller waliingiza mfumuko wa bei walipochapisha utafiti wao wa soko la Marekani mwaka 1988, ndiyo maana wengi wanauita uwiano wa Shiller. Kama ni makaburi, basi wamefukua watu wazito kabla yangu.

Na mafuta ndiyo biashara inayodai miaka kumi kuliko nyingine. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa juu ya dola 100, mwanzoni mwa 2016 likawa chini ya 30. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ya Marekani wa kupokelewa mwezi uliofuata ulifunga chini ya sifuri, hasi dola 37.63. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, pipa likavuka 100 tena. Anayechukua faida ya mwaka mmoja hapo anapima bei ya pipa, hajaipima kampuni.

Takwimu zangu hizi hapa, usije ukadhani nimezipika. Faida kwa kila hisa nimeitoa kwenye ripoti za mwaka, ziitwazo 10-K, ambazo kampuni huwasilisha kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani. Nimechukua ile ndogo, yaani iliyokwisha kuhesabu hisa zitakazozaliwa na ahadi walizopewa wafanyakazi. Kila ripoti ina miaka mitatu ya mapato. Ripoti za zamani zilikuwa pia na jedwali la miaka mitano, lakini mamlaka iliondoa sharti hilo kuanzia 2021, kwa hiyo ripoti ya 2019 inakupa 2015 hadi 2019, ya 2021 inakupa 2020 na 2021, na ya 2024 inamalizia. Kama hisa ziliwahi kupasuliwa, moja ikawa mbili, takwimu za ripoti zilizotangulia lazima zigawanywe kwa mbili kwanza. Kampuni hii haikupasua, nimehakikisha.

Kuanzia 2015: hasara 2.10, hasara 0.70, faida 2.40, 5.60, 2.20, hasara 1.50, kisha faida 7.20, 13.00, 10.00 na 9.60.

Mfumuko wa bei nimetumia fahirisi ya bei za walaji ya Marekani, wastani wa mwaka mzima. Mwaka 2015 ilikuwa 237.017, mwaka 2024 ilikuwa 313.689. Unagawa ya 2024 kwa ya mwaka husika, kisha unazidisha. Hapa ndipo wengi hugeuza juu chini, wakaipunguza faida ya zamani badala ya kuiongeza. Dola ya 2015 inazidishwa kwa 1.3235, ya 2018 kwa 1.2492, ya 2020 kwa 1.2120, ya 2022 kwa 1.0719. Hasara nayo inapanda vilevile: ile 2.10 inakuwa 2.78. Jumla ya miaka kumi ni 49.42, wastani 4.94. Gawa 84 kwa 4.94, unapata 17.0. Bila kugusa mfumuko wa bei wastani ungekuwa 4.57 na uwiano 18.4. Yaani mfumuko wa bei ninaouingiza unamsaidia yeye! Hilo hakulisikia, alikuwa ameshasema la makaburi.

Sasa sikia alichofanya. Alipoona 17 alisema sawa, tutumie miaka kumi, lakini tufute miaka mitatu ya hasara kwa kuwa "haikuwa ya kawaida". Ukifuta unabaki na miaka saba, wastani 7.85, uwiano 10.7. Akaandika 10.7 kwenye karatasi ya mjomba na kuiita hesabu yangu. Mshauri, hiyo si hesabu yangu! Hasara ni sehemu ya mzunguko. Kampuni ya mafuta isiyopata hasara bei inapoanguka haijawahi kunifikia mezani. Ukiiondoa miaka mibaya na kubakiza mizuri umeishia palepale pa 8.75, ila kwa njia ndefu.

Ana hoja moja ambayo siwezi kuidharau, nami nataka kuwa mkweli kwako. Katika hasara ya 2015, dola 2.60 kwa kila hisa zilitokana na kushusha thamani ya visima kwenye vitabu. Kampuni inafuata ule utaratibu wa uhasibu unaoweka gharama zote za utafutaji kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni, na kuzilinganisha na ukomo, ile thamani ambayo visima haviruhusiwi kuizidi vitabuni. Ukomo unakokotolewa kwa wastani wa bei ya mafuta ya siku ya kwanza ya kila mwezi kwa miezi kumi na miwili. Bei ikianguka, ukomo unaanguka, na thamani inafutwa hata kama hakuna senti iliyotoka benki mwaka huo. Ndipo anaposema si fedha halisi. Lakini fedha ilitoka zamani, visima vilipochimbwa! Tena kuna jambo linalosahaulika kila mara: ukishashusha thamani ya kisima, gharama ya kupungua kwake inayokatwa kwenye faida za miaka inayofuata nayo inakuwa ndogo. Sehemu ya ile faida nene ya 2021 hadi 2024 imenona kwa sababu gharama ilimezwa 2015. Ukifuta hasara ya 2015 na kuziacha faida za baadaye kama zilivyo, gharama ile haionekani popote. Visima vinakuwa vimechimbwa bure.

Na kama tunaondoa visivyo vya kawaida, tuondoe pande zote mbili. Kati ya faida ya 2.40 ya mwaka 2017, dola 1.30 zilitokana na sheria ya kodi ya Desemba mwaka huo, iliyoshusha kodi ya makampuni Marekani kutoka asilimia 35 hadi 21. Kodi iliyokuwa imewekwa kando ikapungua kwenye vitabu, tofauti ikaingia kama faida. Hiyo hakuitaja hata kidogo. Ukiondoa zote mbili, ya 2015 na ya 2017, wastani ni 5.12 na uwiano 16.4. Ukiondoa ya 2015 peke yake ni 15.9. Mimi nimeviacha vyote ndani, kwa sababu katika miaka kumi ndiyo kazi ya wastani kuvilainisha.

Nisieleweke vibaya, sipingi hisa hii. Kweli sipingi. Nisichotaka ni familia inunue kwa bei ya kilele huku ikiamini imenunua bondeni. Wala sitaki wainunue Jumamosi hii.

Mjomba naye aliniuliza kama 17 ni nyingi au kidogo, nikababaika, na shemeji akapata nafasi ya kurudia lile la makaburi. Nilitaka kusema kwamba wastani wa uwiano huu kwa soko zima la Marekani tangu 1881 ni kama 17, kwamba mwaka 1982 uwiano ulikuwa chini ya 7 na mwishoni mwa 1999 ukafika 44. Nikajizuia, na sijui kama nilikosea. Soko zima ni mchanganyiko wa mamia ya kampuni, moja ikianguka nyingine inainuka. Kampuni moja ya mafuta inastahili uwiano mdogo zaidi kwa kuwa faida yake inarukaruka na visima vyake vinakauka. Mlinganisho wa haki ni uwiano wake wenyewe wa miaka iliyopita, na ule wa wachimbaji wenzake, wote wakipimwa kwa miaka ileile na kanuni ileile. Na uwiano huu si saa ya kukuamsha uuze. Campbell na Shiller waliwaonya wakuu wa benki kuu ya Marekani mapema Desemba 1996 kwamba soko ni ghali; soko likaendelea kupanda hadi Machi 2000, fahirisi ya S&P 500 ikawa maradufu. Nikimwambia mjomba hivyo, atauliza sasa unatusaidia nini.

Basi. Nimezunguka vya kutosha. Kinachonikesha hasa kimo kwenye mizania, si kwenye maneno ya mtu.

Mwaka 2015 kampuni ilikuwa na hisa milioni 190. Leo zimebaki milioni 140. Nyingine imezinunua yenyewe, nyingi tangu 2021. Faida yangu ya 5.60 ya mwaka 2018 iligawanywa kwa hisa milioni 190. Anayenunua hisa moja leo ananunua fungu moja kati ya milioni 140, kwa hiyo faida ileile ingempa 7.60 kabla hata ya mfumuko wa bei. Nilipochukua faida nzima ya kila mwaka nikaigawa kwa hisa za leo, hasara nazo zikiwa ndani, nikapandisha kwa mfumuko wa bei, wastani ulitoka 4.94 ukawa 5.75. Uwiano 14.6.

Nilirudia mara tatu usiku huu. Ni 14.6.

Najitetea hivi: hisa hazikununuliwa bure. Deni la muda mrefu lilikuwa dola bilioni 2.2 mwaka 2020, sasa ni bilioni 3.1. Riba ya asilimia 6 juu ya hizo milioni 900 ni milioni 54 kwa mwaka, baada ya kodi kama milioni 43, sawa na senti 30 kwa kila hisa. Miaka ya zamani haikubeba riba hiyo, lakini mnunuzi wa leo ataibeba. Nikiitoa kwenye wastani wote nabaki na 5.45, uwiano 15.4. Faida halisi kwa bei ya leo inakuwa asilimia 6.5 kwa mwaka. Hiyo ilinganishwe na hati za serikali ya Marekani zinazolindwa dhidi ya mfumuko wa bei, ambazo kwa miaka kumi zilikuwa zikilipa zaidi kidogo ya asilimia 2 mwishoni mwa 2024. Shemeji analinganisha na riba ya kawaida ya benki, ambayo haijaondolewa mfumuko, ni kama kupima kitambaa kwa mita upande mmoja na kwa dhiraa upande wa pili.

Lakini 15.4 si 17. Karatasi niliyowapa ina 17, na nimeitetea 17 mbele ya mjomba. Nikiibadilisha, atasema nilikuwa nafukua makaburi na hata maiti nimehesabu vibaya. Nisipoibadilisha, nitakuwa nimefanya alichofanya yeye: kuchagua miaka, mimi kuchagua hisa. Hata kwa 15.4 nasema bado ni ghali. Kwangu kampuni ya namna hii inaanza kunivutia kwenye 12, yaani bei ya dola 65, na hapo ningepiga kura ya ndiyo kwa mikono miwili. Sijui kama wataniamini kwenye 65 wakishaona nimehama kutoka 17.

Mshauri, nijibu kabla ya Jumamosi. Unapopima kampuni moja iliyojinunulia hisa zake kiasi hiki, unagawa kwa hisa za kila mwaka au kwa hisa za leo? Na ile riba, ni haki kuitoa kwenye miaka yote kumi, wakati faida za miaka ya mwisho tayari zimekwisha kuibeba kiasi? Kama ni 15.4, nianze kwa kukiri habari ya hisa, au kwanza niwaonyeshe ile miaka mitatu aliyoifuta?

Ni mimi msomaji wako, nisiyelala.