Korosho ziwahi soko kabla Afrika Magharibi haijavuna

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie korosho. Msimu ukianza huku Kusini, kila mtu anauliza bei ya mnada, wakati bei hiyo kwa sehemu kubwa imeshaamuliwa na kalenda.

Korosho za Mtwara, Lindi na Ruvuma huingia sokoni kuanzia Oktoba. Ivory Coast, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na majirani zake huanza kuvuna Februari hivi. Hapo katikati wabanguaji wa India na Vietnam wamepungukiwa na korosho ghafi, na ndipo wanapotuhitaji. Nafasi hiyo ni ya miezi michache tu.

Tukumbuke mwaka 2018. Wakulima walikataa bei ya minada ya Oktoba, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa njema, hilo silipingi hata kidogo. Lakini uhakiki, malipo na kutafuta mnunuzi vilikula miezi, Afrika Magharibi ikavuna huku mzigo wetu ungali ghalani. Korosho ghafi ikikaa sana hushuka ubora, na mnunuzi anajua muuzaji amebanwa.

Kuna ucheleweshaji mwingine usiotangazwa. Magunia hayafiki AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kwa wakati, mzigo unasubiri lori la kwenda ghala kuu, aliyeshinda mnada anasubiri makontena. Bandari ya Mtwara imepanuliwa, lakini meli haiji kwa sababu tu kuna gati. Huja palipo na mzigo wa uhakika. Basi wahusika wakae na kampuni za meli mapema, siyo Oktoba. Salfa nayo, dawa ya kukinga mikorosho, ifike kabla haijachanua, maana ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, hausubiri zabuni. Na ushuru wa kusafirisha nje usiguswe katikati ya msimu, kwani mnunuzi mwenye wasiwasi hutaja bei ya chini, na anayeumia ni mkulima.

Kubangua nyumbani husifiwa kwa ajira. Mimi naona faida nyingine: korosho iliyobanguliwa na kufungashwa vizuri inaweza kuuzwa mwaka mzima, ila mbanguaji wetu anahitaji mkopo nafuu aweze kununua mwanzoni mwa msimu, akishindana mnadani na wasafirishaji wenye fedha tayari.

Naiomba Bodi ya Korosho itangaze kabla ya Julai ratiba moja ya magunia, minada na meli, ili sisi wanachama wa AMCOS tuweze kuihoji pale inapokwama.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara