Usitie tena pesa kwa bahasha

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku Lamu twamshukuru Mungu, nyanyako mzima, ni miguu tu inayomsumbua akipanda ngazi. Nakuandikia haraka kwa ajili ya ile bahasha, manake naona usiponsikia mwezi ujao utafanya vile vile.

Bahasha ilifika Jumanne. Nlipewa pale dukani, kwa lile sanduku la posta tunalotumia mtaa mzima, na nlipoishika tu nkajua, ilikuwa imepasuliwa ubavuni ikagandishwa kwa selotepu. Nkampelekea nyanyako Mkomani nkaifungua mbele yake, barua imo, zile elfu mbili ulizoandika kwamba umetia hazimo. Hakusema neno. Akanambia nimsomee barua tena, nkamsomea, halafu akauliza, basi yeye mwenyewe mzima? Wallahi hiyo iliniuma kuliko hizo pesa.

Simtuhumu mtu. Hesabu mikono iliyopita hiyo bahasha kutoka Malindi hadi Mokowe, kisha boti, kisha huku kwetu, kisha kaunta ya duka ambapo kila mtu hupekua barua akitafuta yake, utamshika nani? Na ukienda kulalamika huna cha kuonyesha, stempu haisemi ndani mlikuwa na nini. Ndiyo sababu hata barua za kwenda nchi za nje, Umoja wa Posta Duniani umekataza kutia noti, sarafu wala dhahabu ndani ya barua ya kawaida isiyokatiwa bima, na umoja huo ni wa tangu 1874, kwa hivyo hili tatizo la bahasha kufika tupu si la jana. Unakumbuka ile nyumba ya posta ya Wajerumani kwenye usita wa mui, ile njia kuu ya mji, tulokuwa tukiipita tukienda chuoni? Walifungua 1888 wakafunga 1891, sasa ni makumbusho. Watu wa mji huu wamengoja barua zamani sana.

Sasa njia ya sawasawa ni hawala ya posta, ile wazee wetu walokuwa wakiita manioda. Babangu alipokuwa akifanya kazi bandarini Mombasa ndiyo tulokula sisi, kila mwisho wa mwezi mamangu avaa buibui aenda pwani na kikaratasi chake. Uzuri wa manioda ni kwamba pesa zenyewe hazisafiri. Wewe wazilipa kaunta hapo Malindi pamoja na ada, kinachosafiri ni maandishi tu ya kusema fulani alipwe kiasi fulani, halafu ofisi ya huku inamlipa kwa pesa zilizoko huku. Mwizi akiiba maandishi hayo ameiba karatasi, manake hawezi kulipwa bila kuwa yeye ndiye mwenye jina.

Na hapo kwenye jina ndipo watu wetu wanapokwama, nisikize vizuri. Jina liandike kama lilivyo kwa kitambulisho, si kama tunavyomwita. Wewe mwenyewe maisha yako yote wamwita kwa lile jina lake la nyumbani na mtaa mzima wamjua kwa hilo, lakini kwa kitambulisho halimo kabisa, mna jina lake la kuzaliwa na la babake na la babuye. Karani haruhusiwi kulipa kwa kumjua mtu sura, hata kama ni jirani yake. Nimeona mama wa watu karudishwa kwa herufi moja tu, mwana kaandika Fatma na kadi yasema Fatuma, ikabidi arudi zake nyumbani angoje mpaka warekebishe huko ilikotumwa.

Ofisi ya kulipia pia useme wazi, Lamu. Jina lako na anwani yako uandike sawa, manake isipochukuliwa yarudishwa kwako. Risiti usiitupe mpaka nikupigie kwamba amepokea, bila hiyo risiti hakuna wa kukufuatilizia. Na ukipewa namba ya siri usimwambie mtu yeyote zaidi ya mimi na yeye. Kuandika hajui, ni kweli, lakini si kizuizi, atatia dole gumba na mimi ntasimama kuwa shahidi. Ada uliza kwanza kabla hujatoa pesa, na kama ni vijisenti vya wiki wiki bora ukusanye utume mara moja kwa mwezi, usilipe ada mara nne.

Najua utanambia M-Pesa. Sikatai, tangu 2007 imetufaa sote, na elfu moja kuituma ni shilingi 13, kuitoa ni 29, watu wa kawaida humtumia mtu na ya kutoa juu yake. Lakini simu alonayo nyanyako laini si yake, ni ya yule mjukuu wake mwingine, meseji yaingia kwa mtoto, pesa zatoka kwa mtoto, na yeye aambiwa tu imekuja kiasi kadha. Mimi nlimwambia itumwe kwangu nimletee mkononi. Akanijibu kwa upole, la mwanangu, nataka niende mwenyewe. Ataka atoke asubuhi na mapema, apite pwani, asikie jina lake likiitwa pale kaunta, ahesabu pesa alizotumiwa na mjukuu wake kwa vidole vyake mwenyewe. Ana miaka themanini na kitu, tusimnyime hilo.

Jina lake kamili nimelikopi kutoka kwa kadi, liko nyuma ya karatasi hii, herufi kwa herufi. Liandike hivyo hivyo. Ameshanunua viatu vipya vya kwendea.

Wako,
wa Langoni