Wanaojiandaa kwenda milimani wafundishwe na kushuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Gazeti lako nalisoma kwenye simu kila ninapoegesha lori, na ukurasa wa afya siuruki. Hivi karibuni ukurasa huo uliwashauri wanaojiandaa kwenda milimani wakimbie kilomita 5 kila asubuhi, ukaishia hapo. Mimi nilijiandaa hivyohivyo kwa miezi minne mwaka 2021, kabla ya kwenda kuwinda kwa mara ya kwanza kwenye milima ya Rocky, na yaliyonipata sitaki yampate mwingine.

Mimi ni mzaliwa wa Mlalo, Lushoto. Sasa naishi Aurora, jirani na Denver, katika jimbo la Colorado, na kazi yangu ni udereva wa malori. Ni kazi ya kukaa. Sheria ya huku inakuruhusu saa 11 za usukani kwa siku, na mwili unaokaa saa 11 husahau mambo mengi.

Tunawinda kwa leseni, mwezi Oktoba, na tunawinda nyama ya kula nyumbani. Mnyama mwenyewe ni elki, wa jamii ya kulungu wa huku. Jike lake lina zaidi ya kilo 200, sawa na ng'ombe wetu wa kienyeji. Kwetu sisi Waislamu kuna sharti la ziada: unataja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na ukimkuta mnyama bado ana uhai, unamchinja. Maana yake ni lazima umfikie, na umfikie haraka, hata kama yuko ng'ambo ya bonde.

Siku ile tulikuwa kwenye mita 3,200 hivi. Nilikuwa na miaka 42. Mwenzangu, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa na 58. Tulipanda tangu alfajiri. Nilipofika mahali pa kupiga, pumzi ilikuwa imenikimbia na mtutu ulikuwa unapanda na kushuka pamoja na kifua changu. Nilipaswa kungoja. Sikungoja. Risasi ikapiga nyuma mno, tumboni, na lile jike likateremka bondeni likiwa limejeruhiwa. Mwenzangu ndiye aliyelifuata, akalikuta hai, akalichinja. Mimi nilifika dakika 20 baadaye. Dakika hizo 20 ninazo mpaka leo. Bila yeye, mnyama yule angeteseka kwa sababu mimi sikuwa na mwili wa kuikamilisha kazi niliyoianza.

Halafu ukaja mzigo. Jike la namna ile hutoa nyama isiyo na mfupa kilo 60 au zaidi, na haiwezi kulala pale: ngozi inahifadhi joto, kwa hiyo unachuna na kukata haraka nyama ipoe. Sheria ya Colorado nayo inakataza kuitelekeza nyama inayolika. Nilibeba mkoba wa kwanza. Baada ya nusu saa ya kushuka, mapaja yalianza kutetemeka, kisha magoti yakawa hayanishiki tena. Nilikaa chini kwenye mawe. Mwenzangu akarudi juu kuchukua mizigo iliyobaki, mtu mwenye miaka 58, peke yake.

Dereva yeyote aliyeshuka mteremko mkali wa Kitonga, kule Iringa, akiwa na mzigo anaelewa ninachosema. Kupanda kunachosha injini, kushuka kunaunguza breki. Kwenye mwili, breki ni misuli ya mbele ya paja: unaposhuka inavutwa huku imebeba uzito wako na wa mkoba, na kazi hiyo huiumiza kuliko kupanda. Maumivu yake huja kesho yake na keshokutwa, ndiyo maana mtu hujidanganya siku ya kwanza kwamba yuko salama. Mashine ya kukimbilia, niliyoitegemea mimi, haina mteremko hata mmoja.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba haya niliyaona utotoni. Mama alikuwa akishuka kutoka shambani na kuni kichwani, kwenye njia ambayo mvua imeifanya sabuni. Hatua fupi, magoti yamelegezwa kidogo, hana haraka. Sisi watoto tulikuwa tunateremka mbio na kuanguka. Sikuwahi kufikiri kwamba anachofanya ni ujuzi.

Mwaka uliofuata nilianza mwezi Aprili. Kwanza nilipima presha na sukari, na ninamsihi kila aliyevuka miaka 40 afanye hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Kisha nikatia mchele kilo 7 kwenye mkoba, nikaenda uwanja wa Red Rocks, magharibi ya Denver, wenye ngazi zipatazo 380. Kila baada ya wiki mbili niliongeza kidogo, hadi kilo 20. Mwanzoni nilipanda na mzigo na kushuka na nusu yake. Kufikia Julai nilishuka nao wote. Misuli hujifunza: mazoezi mepesi ya kushuka ya leo yanapunguza maumivu ya wiki ijayo, mradi uanze kidogo. Nikiwa safarini nilitumia ngazi ya lori lenyewe, kushuka mguu mmoja polepole, mara 15, kisha mwingine. Madereva wenzangu walizoea kuniona.

Na shabaha sikuiacha. Nilipanda ngazi mpaka moyo unagonga, kisha nikasimama kimya kuhesabu pumzi hadi zitulie, ili nijue mwili wangu unahitaji muda gani kabla ya kushika bunduki. Wangu unahitaji zaidi ya dakika moja. Siku ile ya 2021 niliupa sekunde chache tu.

Mazoezi hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Juu ya mita 2,500 hata kijana mwenye nguvu anaweza kuumwa kichwa na kutapika, na akizidiwa dawa yake ni kumshusha. Sisi sasa tunalala usiku mbili kambini kabla ya kuwinda, ingawa siku hizo hazina malipo kazini.

Mhariri, ombi langu ni hili. Huko nyumbani watu wengi wanapanda Kilimanjaro, na wanaoandaliwa wanaandaliwa kufika Uhuru, mita 5,895. Lakini anayeshukia geti la Mweka anateremka zaidi ya mita 4,000 kwa siku mbili hivi, akiwa amechoka na hajalala. Ukurasa wa afya uende Marangu na Machame, ukawaulize wapagazi wanavyoweka miguu wakiwa na mzigo, wanavyopumzika, wanavyotunza magoti kwa miaka yote hiyo. Wana elimu ambayo haijawahi kuandikwa vya kutosha kwa Kiswahili. Mkiiandika, nitaichapa na kumpelekea mwenzangu wa Ujiji. Oktoba hii tunakwenda tena, na mzigo mzito safari hii nimeuomba mimi.

Mzaliwa wa Mlalo,
Aurora, Colorado, Marekani