Airisi nimeshazipanda, sasa zamu yako

Mambo vipi rafiki yangu,

Natumaini mko salama wote hapo nyumbani, sisi huku wazima kabisa. Zile airisi, yale maua ya bustani nilizokwambia nimeagiza, zimefika na nimeshazipanda zote, sasa nataka nikuelezee kabla sijasahau maana ulisema na wewe unaagiza zako hivi karibuni.

Kwanza usishtuke ukifungua boksi. Utakuta vipande vya shina lake la chini, vikavu, vinene kama tangawizi, majani yamekatwa yamebaki mafupi sm 15 hivi, mizizi imesinyaa, yaani ukivitazama unasema hivi vimeshakufa. Havijafa. Majani wanayapunguza makusudi manake mizizi ikishang'olewa haiwezi kuyalisha maji, na vinasafirishwa vikavu ili visioze njiani. Wewe minya kila kipande kwa kidole gumba, kikiwa kigumu hicho kizima, kikibonyea na kutoa harufu mbaya hicho kimeshaanza kuoza, kata ile sehemu laini yote mpaka ufike kwenye nyama nyeupe ngumu halafu kiache kivulini siku moja mbili kidonda kikauke ndo upande. Na kisu kifute na spiriti kila ukikata, bakteria wa ule uozo wanahama na kisu. Kama ngozi yako inawashwa haraka vaa glavu, utomvu wake unasumbua wengine, na huyo mbwa wako anayependa kufukua asikaribie kabisa, ni sumu kwake.

Sasa jambo kubwa kuliko yote: USIZIFUKIE. Nakujua wewe, ukipanda kitu lazima ukizamishe na kukanyagia juu yake. Hizi airisi zenye ndevu (ndevu ni ule mstari wa vinywele kwenye petali zinazoinama chini) mgongo wa kipande, yaani upande wake wa juu, unatakiwa ubaki nje upigwe na jua. Ukiuzamisha chini kipande kinaoza, au kikipona kinakupa majani mengi tu na maua huyaoni. Nilivyofanya mimi nimechimba shimo pana lisilo na kina sana, katikati nikaacha kilima kidogo cha udongo, kipande nikakikalisha juu ya kile kilima na mizizi nikaigawa, mingine huku mingine huku ishuke pembeni, halafu nikarudishia udongo juu ya mizizi nikashindilia kwa ngumi isibaki hewa, mgongo ukabaki unachungulia. Kama udongo wako ni wa kichanga na jua lako kali unaweza kupitisha udongo mwepesi juu, sm 2 isizidi. Kama ni mfinyanzi pandisha tuta kwanza, maji yakituama hapo umezipoteza.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii ni upande. Kipande kina upande wa majani na upande wa kisigino, yaani ule mwisho usio na majani, na kinatambaa kikielekea kwenye majani. Kwa hiyo mimi nimepanda vitatu vitatu kwa pembetatu, visigino vinatazamana ndani na majani yametazama nje, nafasi sm 30 mpaka 45, ili vikitanuka kila kimoja kiende zake.

Jua masaa 6 kwa siku angalau, chini ya mti usijaribu. Mwagilia vizuri siku ya kupanda na uendelee kiasi mpaka uone jani jipya linachomoza katikati, baada ya hapo acha udongo ukauke juu ndo umwagilie tena. Matandazo usiyaweke juu ya mgongo. Samadi mbichi na yuria weka mbali, nitrojeni ikizidi kipande kinakuwa laini na uozo unakiingia kirahisi.

Ila soma lebo kabla ya kufuata haya yote, kama umeuziwa airisi za Siberia hizo hazina ndevu na mambo yake ni tofauti, zenyewe unazifunika udongo sm 3 mpaka 5 na hazipendi kukauka.

Mwaka wa kwanza zinaweza zisitoe ua na usizing'oe kwa hasira, zinatengeneza mizizi kwanza. Na kipande kikishatoa ua hakirudii tena, ni watoto wake wanaoota pembeni ndo wanaochanua baadaye, kwa hiyo baada ya miaka 3 au 4 shada linabanana na lazima uling'oe ugawe. Hapo ndo raha yangu ilipo, manake nimechukua zambarau iliyokoza karibu na nyeusi na njano moja, basi wewe usiagize hizo, tafuta nyeupe au ile ya rangi ya pichi, tukifika wakati wa kugawa tubadilishane. Niandikie umeamua ipi kabla hujalipia.

Wako akupendaye.