Barua ya wazi kwa vijana warefu wa viwanja vya kikapu Dar es Salaam

Wajukuu zangu,

Jumamosi iliyopita nilikaa pale Upanga nikiwaangalia mkicheza. Mmoja wenu, mrefu kuwapita wote, alipewa pasi safi chini ya ringi, ikamponyoka. Ya pili nayo, ya tatu vilevile. Mwenzake akamzomea: "Wewe nawe Hasheem!" Mkacheka. Sikulala vizuri usiku ule.

Huyo Hasheem Thabeet mnayemfanyia mzaha ni mtoto wa jiji hili. Kikapu alikianza akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani wameshaushika mpira tangu utotoni. Miaka michache tu baadaye yuko Chuo Kikuu cha Connecticut, mita 2.21, na mwaka 2008 na 2009 akatajwa mchezaji bora wa ulinzi wa Big East, ligi ya vyuo vya huko. Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchukua wa pili katika drafti ya NBA, yaani siku timu za ligi kuu ya kikapu Marekani zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Wa pili! James Harden na Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa, walikuwa wa tatu na wa saba. Kabla yake hakuna Mtanzania aliyewahi kukanyaga ligi hiyo.

Msimu wa kwanza haujaisha, akashushwa ligi ya chini, timu ya Dakota Wizards. Kisha Houston, Portland, Oklahoma City, na baada ya 2014 NBA ikawa basi. Wengi huishia hapo wakasema amefeli. Mimi ndipo ninapoanza kumheshimu. Alikwenda Japani, akarudi tena ligi ya chini Marekani, akaenda Taiwan, mpaka akaja kuvaa jezi ya Dar City hapa nyumbani. Kushushwa dunia nzima ikikutazama, kesho asubuhi ukafunga tena kamba za viatu: nani kati yenu ameshalijaribu hilo?

Kwa jicho langu, kilichomponza ni kuchelewa kuanza. Kuzuia mitupo alikujua hasa. Lakini kudaka mpira katikati ya msongamano, ukageuka na kufunga, ni kazi ya mikono na miguu, na hiyo inataka miaka. Ninyi miaka mnayo, mnaimaliza mkipimana urefu ukutani.

Tena shule msiiache. Na mtu akija na karatasi za kuwapeleka ng'ambo, msisaini mpaka mzazi na mwanasheria wazisome. Kijana niliyemfundisha mwenyewe alirudi na begi moja, na aliyempeleka hapokei simu mpaka leo. Bado inaniuma.

Na wewe mjukuu wangu wa jezi ya kijani, mikono yako haina kasoro. Unafumba macho pasi ikikaribia, nilikuona. Jumamosi njoo saa kumi, kabla wenzako hawajafika. Nitakuja na mpira wa tenisi, tutaurusha ukutani mpaka macho yako yauzoee.

Babu yenu wa benchi la Upanga